Chupa ya Ignas

Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025. Asubuhi hiyo milima ya Uluguru haikuonekana kabisa. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mapaa ya Bigwa, na mvua nyembamba, ile isiyochoka wala isiyokasirika, ilikuwa ikidondoka tangu alfajiri.

Hosiana alirudi kutoka chuoni saa tatu na nusu, viatu mkononi, miguu imejaa tope jekundu. Shadia, msichana aliyekuwa akisoma naye uuguzi na kukaa naye nyumba moja, alikuwa akifagia maji barazani. Alipomwona tu, akaacha ufagio.

"Dada Hosi, wamekurudishia barua?"

Hosiana akatikisa kichwa.

"Hata kukuonyesha?"

"Wamenionyesha. Imeshapigwa muhuri. Mkuu wa chuo alitia sahihi jana mchana. Jina langu limetolewa kwenye orodha ya mtihani."

"Si ungewaeleza!"

"Niwaeleze nini, Shadia? Barua nimeiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu, nikasema afya hainiruhusu. Leo nirudi niseme nimepona usiku mmoja? Yule dada wa ofisini alinionea huruma mpaka akanipa kiti. Kasema nije mwezi wa tisa, nianze mwaka wa tatu upya."

Shadia akafumba mdomo kwa kiganja. Hosiana akakaa kwenye kizingiti, akaanza kuosha miguu kwa maji ya mvua yaliyojaa kwenye ndoo. Aliosha polepole, kidole kwa kidole, kama anayemwosha mtu mwingine.

Mwaka mzima. Kwa binti wa miaka ishirini na miwili kama Shadia, mwaka ni kitu cha kupita. Hosiana alikuwa na thelathini na mitatu. Alishona sare za shule kwa miaka kumi na mmoja, akarudia kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na alipopata nafasi ya uuguzi alipiga magoti pale pale kwenye ubao wa matangazo, watu wakimruka.

Mwaka wa kwanza alisoma kama walivyosoma wenzake. Kahawa nzito isiyo na maziwa, makopo ya vinywaji vya kuchangamsha, na wiki ya mitihani vidonge vya kufukuza usingizi vilivyopita mkono kwa mkono. Moyo ukamwenda mbio, mikono ikatetemeka, na kwenye chumba cha mtihani akaandika jibu moja mara mbili, swali la pili asilijibu kabisa. Akafeli. Daktari akamwambia mwili wake hauvumilii vitu hivyo, aviache vyote, hata majani ya chai. Naye akaenda kanisani siku ya kazi, kanisa likiwa tupu, akamwambia Mungu: "Sitasukumwa tena na kitu cha kopo wala cha kikombe. Ukinipa akili niliyonayo, na usingizi ulioniumbia, vinanitosha."

Vikamtosha kweli. Saa tatu usiku yuko kitandani, saa kumi alfajiri yuko macho, anasali, anasoma mpaka kuche. Mchana, wenzake wakienda kununua kahawa, yeye alilaza kichwa mezani dakika ishirini. Majina ya mishipa aliyaimba kwa tuni za kwaya akifua nguo. Darasani walimwita Mama Kuku, kwa sababu analala kuku wanapolala. Matokeo yakatoka, Mama Kuku akawa wa nne. Kicheko kikapungua.

Mpaka wiki tatu zilizopita, mikono ilipoanza kutetemeka tena bila sababu.

"Mjomba yuko wapi?" akauliza.

"Ananyoa ndevu huko nyuma. Hajui lolote. Dada, wageni wa posa wanakuja saa nne. Utamwambia?"

"Nitamwambia mbele yao."

"Labda mimi nimekosea..."

"Hukukosea. Wewe ni mjukuu wa muuza kahawa."

Jana jioni Shadia alikuwa anafuturu. Tende zimeliwa, uji haujaiva, akaiona chupa ya chai ya Hosiana imebaki na kikombe kimoja. Ni ile chupa ya bluu ambayo Ignas, mpenzi wa Hosiana, aliileta kila alfajiri akipita na pikapu yake ya ndizi kutoka Matombo: tangawizi, mdalasini, mchaichai na karafuu za mlimani, bila jani hata moja la chai. Akaomba, akapewa. Akanywa funda moja, akanusa. Kisha akasema, "Dada Hosi, kumbe umerudi kwenye kahawa?"

*

Saa nne kasoro, pikapu ikasimama nje. Sauti ya kwanza kushuka ilikuwa ya Mzee Yakobo, mshenga, Mnyamwezi mstaafu wa kiwanda cha Mzinga, mtani wa kila Mluguru wa mtaa ule.

"Hodi, Waluguru! Mbona mmejificha mawinguni? Tuje na tochi?"

Mjomba Alois akatoka na taulo begani. "Karibu, mtani. Kung'uta miguu kwanza, usituchafulie nyumba."

"Tope lenyewe ni la kwenu! Kwetu Tabora ardhi inajua kukauka."

"Ndiyo maana mkaikimbia mkaja kunywa maji yetu."

Wakacheka, wakashikana mikono. Nyuma yao alikuja mama mzazi wa Ignas, mwanamke mfupi, mkavu, amejifunga kanga mpya juu ya koti, amekumbatia kopo la bati kama mtoto. Hosiana akapiga goti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaletea kahawa yangu ya shambani. Nimekaanga mwenyewe jana. Kwetu mtu haendi posa mikono mitupu."

"Ahsante, Mama."

Ignas alikuwa wa mwisho. Alivaa shati jeupe ambalo Hosiana alilishona mwenyewe, na matone ya mvua yalikuwa yamekaa kwenye nyusi zake. Alinukia majani ya migomba, harufu ambayo Hosiana aliipenda kuliko marashi yoyote. Alimtazama kwa yale macho ambayo miaka miwili yalimfanya asahau alichotaka kusema. Kisha, wengine wakivua viatu, akamnyooshea chupa ya bluu kwa siri.

"Nimekuletea ile yetu," akanong'ona. "Hujalala vizuri? Macho yako..."

Hosiana akaipokea. Ilikuwa ya moto bado. Moyo wake ulimsihi aseme pale pale mlangoni, wawili tu, wamalize wenyewe kama wapenzi. *Bwana, nishike ulimi. Nisaidie nisimchukie.*

"Pita ndani, Ignas," akasema.

*

Sebule ilikuwa ndogo. Nyumba ile iliachwa na marehemu mama yake Hosiana, na tangu azikwe, kiti chake cha mbao hakikaliwi na mtu ila kaka yake, Mjomba Alois. Ndivyo ilivyo kwa Waluguru: mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama akiondoka, neno la mwisho ni la mjomba.

Mzee Yakobo akasafisha koo, akaeleza kwa mafumbo kwamba wameona ua zuri kwenye bustani ya watu, wakaona si vizuri kulichuma kwa wizi. Mama Ignas akaongeza bila mafumbo: "Na sisi tungependa liwe baada ya Pasaka tu. Umri haumsubiri mtu. Masomo atayamalizia ndani ya ndoa."

"Akifaulu," akasema Mjomba.

"Akifaulu. Maana nami nilimwambia mwanangu wazi, mwanamke wa kufeli-feli simpokei. Alishafeli mara moja. Halafu mtu mwenyewe analala saa tatu usiku! Nimesomesha watoto watano, wote kwa kahawa yangu. Mmoja sasa ni padri."

"Ndiyo maana misa zake hazina mwisho," akasema Mzee Yakobo. "Hana usingizi!"

Hata Mama akatabasamu. Ignas peke yake hakucheka. Alikuwa anaiangalia chupa ya bluu, ambayo Hosiana alikuwa ameiweka katikati ya meza.

Mjomba akanyoosha shingo. Ilikuwa desturi, binti huulizwa mbele ya wote.

"Hosiana. Hawa watu waliokuja, unawafahamu?"

Alisimama karibu na dirisha. Nje, mvua ilikuwa imefuta hata mgomba wa jirani.

"Mjomba, kabla sijajibu, naomba niwape wageni kinywaji."

"Si ungeanza na hicho?" Mjomba akashangaa. "Haya, mimina."

Akachukua vikombe vitatu. Akafungua chupa. Harufu ya karafuu na tangawizi ikajaa chumbani.

"Hosi," Ignas akasema. "Hiyo ni yako. Ngoja niwachemshie nyingine."

"Inatosha wote."

"Hosi, tafadhali."

"Wewe kijana, tunyime basi na maji ya mvua," akasema Mzee Yakobo, akapokea kikombe. Mjomba akapokea. Mama akapokea, akapuliza, akanywa. Uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli.

"Hee! Hii si kahawa yangu?" Akanywa tena. "Ndiyo! Naijua popote. Karafuu zimezidi kidogo, lakini ni yangu, tena imekolea. Mwanangu, kumbe unakunywa! Mbona Ignas aliniambia huigusi?"

Kikombe cha Mama kikabaki hewani. Akamtazama Hosiana, kisha akamtazama mwanawe, na furaha ikamtoka usoni taratibu kama maji kwenye mchanga.

"Ignas? Si ulisema chupa ile ni ya kwako, ya safari?"

Ignas alikuwa ameinamisha kichwa. Mikono yake mikubwa, yenye kovu la panga kwenye kidole gumba, ilikuwa imefumbatana magotini.

"Mjomba," akasema Hosiana, "umeniuliza kama nawafahamu. Mama namfahamu. Mzee Yakobo namfahamu. Ignas nilidhani namfahamu."

"Eleza mambo," akasema Mjomba, akaweka kikombe chini.

"Aeleze yeye."

Mvua ikasikika juu ya bati. Ignas aliinua uso. Macho yalikuwa yamejaa.

"Ni kahawa tu, Mjomba. Si bangi. Si sumu. Kahawa ambayo watoto wanakunywa." Akamgeukia Hosiana. "Ulikuwa unasinzia, Hosi. Mwezi wa pili ulisinzia kwenye pikapu, ukasinzia na kijiko mkononi. Nikasema mtihani unakuja, Mama ameshatamka neno lake, ukifeli nimekukosa. Niliweka kijiko kimoja. Ukachangamka, ukacheka siku nzima. Nikaongeza."

"Nikakuuliza mbona chungu."

"Ndiyo."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni magome ya mdalasini."

"Ulijua daktari alinikataza."

"Nilijua. Nilidhani daktari anaongelea vile vidonge na makopo. Kahawa ya nyumbani... Hosi, mimi nimekua nayo."

Hosiana alitaka kulia, akajizuia. Aliongea kwa sauti ya chini, na wote wakalazimika kuinama ili wasikie.

"Kahawa sina ugomvi nayo. Mama, kahawa yako sijaidharau, na nitamwambia kila mtu ni nzuri. Lakini Ignas, mikono ilipoanza kutetemeka nilikuja kwako kwanza. Kabla ya Shadia, kabla ya Padri. Nikakwambia naogopa, ugonjwa umerudi. Ulinipeleka wewe kupima moyo. Tulikaa kwenye lile benchi tangu saa mbili mpaka saa saba. Ulinishika mkono. Uliusikia unavyotetemeka ndani ya mkono wako. Ukanyamaza."

"Nilitaka kusema..."

"Na kesho yake ukaniletea nyingine."

"Kila siku nilisema kesho naacha! Kisha nikaona nikiacha ghafla utajua. Nikaogopa. Hosi, niliogopa tu."

"Mimi wiki tatu nimefunga. Kwaresima ilikuwa haijaanza, mimi nimeshaanza. Nilikuwa namlilia Mungu, namuuliza nimekosa wapi, ahadi yangu nimeivunja lini. Nilidhani ameniacha. Kumbe niliyemwomba hakuniacha, na uliyekuwa mbele yangu ulikuwa unajua." Akavuta pumzi. "Juzi Jumatano wodini nilikuwa navuta dawa kwenye sindano. Chupa ikaniponyoka mkononi, ikavunjika mbele ya mgonjwa. Bibi wa watu akaniambia, 'Pole mjukuu wangu.' Msimamizi akanitoa nje. Nikasema, mtu anayetetemeka hivi asiguse watu. Nikaandika barua, nikaomba kuahirisha mwaka."

"Umeandika nini?" Mama Ignas akasimama.

"Nimeandika, Mama, na imekubaliwa. Asubuhi nilikwenda kuiomba, wakanionyesha muhuri. Nimetolewa kwenye mtihani. Naanza mwaka upya mwezi wa tisa."

Mzee Yakobo alivua kofia, akaipakata. Shadia, aliyekuwa mlango wa jikoni, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mama Ignas alirudi kukaa taratibu. Alilitazama kopo lake la bati, kisha akalisogeza chini ya kiti kwa mguu, mahali lisipoonekana. "Ni mimi," akasema kwa sauti asiyoizoea mtu. "Lile neno la kufeli-feli. Ni mimi niliyemtia woga."

"Mama, usijibebeshe," akasema Hosiana. "Wewe ulisema hadharani. Lingenifikia, ningekujibu."

Mjomba Alois alinyanyuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye lafudhi nzito ya mlimani, na akikasirika maneno yalizidi kupungua. Akaenda kwenye kona, akachukua mkungu wa ndizi walioingia nao wageni, akauweka mlangoni.

"Mtani, beba mzigo wako. Dada yangu hakuzaa mtoto wa kufanyiwa majaribio."

"Alois, subiri..."

"Nimemaliza."

Ignas akapiga magoti. Hakupiga mbele ya Mjomba, alipiga mbele ya Hosiana, pale kwenye saruji iliyolowa nyayo za watu. "Nifukuze wewe," akasema. "Mjomba ana haki, lakini nataka nisikie kwako. Sema hunipendi, niondoke."

Hosiana akamtazama. Aliliona lile shati, vifungo alivyovishona yeye, kola aliyoipindua mara mbili ili ikae vizuri shingoni. Angeweza kumwinua kwa kidole kimoja. Mwili wake wote ulikuwa unamwendea, na miguu ikakataa.

"Nakupenda," akasema. "Ningekuwa sikupendi, leo ningekuwa nimecheka. Lakini nikiolewa nawe leo, kila kikombe utakachonipa nitakinusa. Mtoto akiugua, nitakutazama wewe kwanza. Hayo si maisha, Ignas. Wala wewe hutayaweza."

"Basi nitasubiri."

"Sijakuomba usubiri."

"Sijasema umeniomba."

Mzee Yakobo akakohoa. "Mjomba mtu, mimi ni mshenga. Nikirudi njiani nitaulizwa. Niseme tumekataliwa? Tumekubaliwa? Au tumenyweshwa kahawa tukaondoka?"

Ilikuwa nusu utani, nusu kilio. Mjomba hakucheka, lakini alimgeukia mpwa wake, na ukali ukampungua machoni. "Nimetoa mkungu nje kwa hasira yangu. Mwenye maisha ni wewe. Una neno?"

"Ninalo, Mjomba."

"Basi liseme kwa sauti. Marehemu mama yako alikuwa na sikio moja zito, na leo amekuja kusikiliza. Sitaki kesho mtu apande Matombo na habari zake mwenyewe."

Ignas aliinuka, akasimama kando ya mama yake. Shadia akatoka jikoni, akasimama nyuma ya dada yake bila kumgusa. Hosiana akafanya ishara ya msalaba. Akatazama mikono yake. Tangu jana asubuhi hakuwa ameinywa ile chupa, lakini mikono ilikuwa bado inatetemeka kidogo, safari hii kwa jambo jingine. Akaiachia itetemeke.

"Mbele yako Mjomba, mbele yako Mama, mbele ya Mzee Yakobo na mdogo wangu Shadia, na Mungu asikie. Mwezi wa tisa nitarudi darasani. Nitalala saa tatu, nitaamka saa kumi, na nitamaliza kwa nguvu nilizopewa, nisisukumwe na kitu chochote. Mpaka siku hiyo, Ignas, usinitafute na usiniletee kitu. Ukipata mwingine, oa, sitakulaumu. Lakini siku nitakapoapishwa kuwa muuguzi, nitapanda Matombo kwa miguu yangu, nitasimama mlangoni kwa Mama, na nitakujibu ndiyo au hapana. Leo sijui litakuwa lipi. Ninachokuahidi ni kwamba nitakuja mwenyewe, nitakwambia kweli usoni, na hata ikiwa ni hapana, hutaisikia kwa mtu mwingine."